Kiboko Aliyebandika Tangazo Mgongoni

Paukwa.

Nasikia sauti mbili tatu za mbele. Wa nyuma hamjaamka. Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Bwawa.

La nani?

La wote.

Haya, kaeni vizuri, maana alitokea mmoja aliyesikia "wote" akadhani ameitwa yeye.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana ofisi zilikuwepo na mihuri ilikuwepo, palikuwa na pori lenye bwawa moja tu la kutegemewa. Liliitwa Bwawa la Kitopeni. Masika yakija, kila mnyama ana dimbwi lake na hamjui jirani. Kiangazi kikija, wote wanarudi Kitopeni. Pundamilia anakunywa asubuhi. Swala anakunywa adhuhuri. Ndovu anakunywa jioni na kumwaga nusu. Upande wa kina alilala Kiboko. Upande wa maji machache, penye majani, alikaa Chura.

Kiangazi hicho Chura alikuwa na watoto. Si watoto wa kushikwa mkono. Viluwiluwi mia tatu, kichwa na mkia, kichwa na mkia, mguu hata mmoja hakuna. Kila asubuhi aliwapitia. Miguu imeota? Bado. Akahesabu kwa vidole vyake, akaona zimebaki siku ishirini. Baada ya hapo watoto wangeweza kuruka na kwenda popote. Kabla ya hapo, yale maji machache yakiondoka, na wao wameondoka. Shikeni hilo. Hadithi yote ni hizo siku ishirini.

Sasa, siku hiyo hiyo Chura alizama kutafuta chakula upande wa kina. Chubwi. Akapita chini ya Kiboko, akaibukia juu ya Kiboko, na pale mgongoni, chini ya maji, akakuta kibao cha gome kimegandishwa kwa utomvu. Kilikuwa na muhuri wa halmashauri.

Sheria ya pori lile ilikuwa nzuri, tusiisingizie. Anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi sharti aweke tangazo mahali penyewe kwa siku ishirini na moja, kila mtu aone, mwenye pingamizi apinge. Kiboko alitii sheria. Aliweka tangazo mahali penyewe. Aliliweka mgongoni. Kisha akazama.

Mgongoni?

Mgongoni, jamani. Mchana kutwa yumo majini, na tangazo limo majini. Giza likiingia anatoka kula nyasi, tangazo linatoka naye, na giza ndilo linalolisoma.

Chura akasoma. Macho yakamtoka. Akasoma tena. Macho yakazidi kumtoka. Kiboko alikuwa anaomba Bwawa la Kitopeni liache kuwa mahali pa umma pa kunywea maji, liwe makazi na bustani ya mapumziko ya mkazi mmoja. Upande wa kina ungechimbwa uzidi kina. Tope litakalotoka lingejaza upande wa maji machache, ili mkazi huyo apate uwanja wa kuota jua. Mwombaji, Kiboko. Anwani ya mwombaji, Bwawa la Kitopeni. Na mstari wa mwisho, pale palipouliza ni nani anayeishi kwenye eneo hilo kwa sasa, Kiboko alijaza neno moja. Hakuna.

Siku kumi na tisa za tangazo zilikuwa zimekwisha. Zimebaki mbili.

Chura akapanda mpaka sikioni mwa Kiboko, akamwamkia, akauliza kwa adabu kama lile neno la mwisho liliponyoka tu mkononi mwa mwandishi.

"Halikuponyoka," Kiboko akasema, na pua zake zikapuliza maji, puuu. "Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Sikuona mtu."

"Na mimi, Mzee Kiboko? Na hawa wanangu?"

"Mama, wewe ni unyevu. Unyevu hauandikwi kwenye fomu."

Akafumba macho, akazama. Chubwi.

Chura akashika njia ya ofisi ya mipango. Ruka, tua, hema. Ruka, tua, hema. Alifika jua likiwa utosini na ngozi imemkauka kama ganda la karanga.

Afisa Mipango alikuwa Korongo. Kazi aliipata kwa ajili ya miguu, maana hatua yake moja ilihesabiwa kuwa mita moja kamili na hakuna aliyewahi kuhakiki. Na Korongo, chakula chake mnakijua. Kwa hiyo Chura hakuingia. Alijibanza chini ya kizingiti, akaeleza akiwa humo humo: ameleta pingamizi, ni mkazi wa Kitopeni, ana watoto wasio na miguu.

Korongo akamwambia karani wake, Kanga, alete faili. Akasoma ripoti yake mwenyewe kwa sauti ya mtu anayependa kujisikia. Ripoti ilisema kwamba amefika eneo la mradi, amekagua kwa macho yake, na amekuta eneo tupu lenye mwinuko mkali upande wa kaskazini na shamba la mkonge lililotelekezwa.

Chura akatoa kichwa nje kidogo. Mwinuko upi? Kitopeni ni tambarare kama sinia. Mkonge upi?

Msidhani Korongo alitahayari. Alifafanua taratibu, kama anayeeleza jinsi ya kusonga ugali. Siku ya ukaguzi, alisema, Kiboko alimwandalia kambare kivulini, hatua chache kutoka ofisini, ili asihangaike kwenda mbali. Kambare walikuwa wanne. Walipokwisha, jua nalo lilikuwa limekwisha. Akachukua ripoti ya mwaka jana, ya kiwanja cha Pofu kule milimani, akabadilisha jina la mwombaji. Mwinuko haujawahi kumdhuru mtu, akasema. Kanga akaitikia kwa kichwa na kuendelea kupanga mihuri.

  Chura akasema basi angalau pingamizi lake lipokelewe.

"Anayepinga lazima awe mkazi," Korongo akasema. "Faili linasema mkazi hakuna. Siwezi kupokea pingamizi la mtu ambaye hayupo."

"Lakini unaongea naye, Afisa."

"Naongea na kizingiti." Korongo akashusha mdomo wake mrefu, akasogea, akanong'ona. "Ungekuwepo, mama, saa hizi ningekuwa nimeshakumeza."

Hapo Chura alishtuka. Alishtuka kwanza kwa woga. Halafu akashtuka kwa jambo jingine. Mdomo ule ulikuwa shibiri moja kutoka kichwani pake, na haukufunguka.

Akatoka chini ya kizingiti. Akaruka mezani. Akakaa katikati ya faili, juu ya muhuri. Koo la Korongo likapanda na kushuka, gulu, gulu. Lakini Kanga alikuwa pale anatazama, na Kanga ndiye aliyeandika kumbukumbu zote za ofisi. Afisa akimmeza mkazi mbele ya karani, atakuwa amekiri kwamba mkazi alikuwepo. Ripoti imekuwa ya uongo, na kazi imekwenda. Korongo akainua shingo, akatazama dari.

Chura akauliza swali moja tu. Na anayeunga mkono maombi, naye ni lazima awe mkazi?

Korongo akacheka akiwa bado anatazama dari. Anayeunga mkono, akasema, anaweza kuwa hata mpita njia.

Ruka, tua, hema. Ruka, tua, hema. Chura akarudi kwa wanawe. Miguu imeota? Bado.

Siku zile mbili zilipotimia, kamati ya mipango ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Nyumbu, mnyama ambaye tangu azaliwe hajavuka mto kabla ya kuona wa mbele yake amevuka. Nyumbu akasoma maombi, na hapo ndipo pori zima liliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Kimya. Jii. Nzi alikuwa sikioni mwa Ndovu na hata yeye alinyamaza.

Pundamilia akapata sauti kabla ya wengine, akauliza tangazo liliwekwa wapi.  Kiboko akageuka, akawapa mgongo. Kibao kilikuwa pale, kimeota ukungu wa kijani, na tarehe zake zote zimetimia.



Kisha wakaanza kupinga, mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakaanguka. Pundamilia akapinga. Korongo akamuuliza, unaishi bwawani? Siishi, nakunywa. Anayekunywa si mkazi, keti. Swala akapinga. Unaishi bwawani? Nakunywa. Anayekunywa si mkazi, keti. Ndovu akapinga kwa sauti ya kutikisa majani. Unaishi bwawani? Nakunywa. Keti. Kanga akaandika yote, kr, kr, kr: anayekunywa si mkazi, anayekunywa si mkazi, anayekunywa si mkazi.

Nyumbu akauliza kama yupo anayeunga mkono. Aliuliza kwa desturi tu, hakutazamia jibu.

"Nipo," akasema Chura.

Vichwa vyote vikageuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni mpita njia. Mradi huu nimeupenda. Kasoro yake ni moja, haujalindwa. Leo eneo ni tupu, kama Afisa alivyojionea. Kesho wavamizi wataingia, wale wadogo wadogo, na kuwatoa ni taabu. Naomba kibali kiwe na sharti. Kiumbe asikae katika maji ya Kitopeni mpaka ujenzi ukamilike, Afisa akague, na atie saini hati ya kuhamia."

Jamani, pale palitokea mguno ambao sijui niufananishe na nini. Pundamilia alimwambia Chura mbele ya watu kwamba amewauza wanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Mwingine akasema mama wa namna hiyo hajawahi kumwona hata miongoni mwa mamba.  

Kiboko, yeye, alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Aliona mjinga amejichimbia kaburi. Sharti hilo lingemfagia Chura na wanawe mia tatu bila yeye kunyanyua mguu. Lakini mlafi hata akipewa chakula ataomba na sufuria. Akasimama, akashukuru, akasema sharti ni jema ila limelegea. "Kukaa" ni neno dogo. Mvamizi anaweza kusema hakukaa, alisimama. Yeye aliomba iandikwe hivi: atakayeonekana na hata unyayo mmoja ndani ya maji, asikaribie Kitopeni misimu mitatu. Na akijitetea, asisikilizwe.

"Iandikwe hivyo?" Nyumbu akauliza.

"Iandikwe."

Nyumbu akatazama nani ameinua mkono kwanza. Korongo ameinua. Basi naye akainua. Ko, ko, ko. Kibali kimetoka.

Kiboko akaondoka akiimba. Pwata, pwata, pwata. Alitaka alale kidogo majini, akiamka aanze kuchimba. Alipofika ukingoni akawakuta Nyati wawili, mgambo wa halmashauri, wamesimama bega kwa bega. Wakamwambia asogee nyuma. Akawaonyesha kibali. Wakamwambia hicho ndicho wanachokilinda.

Kiboko akacheka, akidhani ni utani wa askari. Nyati hawakucheka. Kwenye jani, karibu na ukingo, Chura alikuwa ameketi.

"Mzee Kiboko, ujenzi umekamilika?"

"Utakamilikaje, nami sijaanza?"

"Basi anza."

"Nitachimbaje bila kuingia majini?"

"Ukiwa na hati ya kuhamia utaingia."

"Hati nitaipataje kabla ya kujenga?"

"Ndiyo hapo," Chura akasema. "Hata mimi naona ni gumu."

Taya la Kiboko likashuka. Likabaki limeshuka. Unyayo wake wa mbele ulikuwa umenyanyuka juu ya maji, na Nyati mmoja alikuwa anautazama kwa makini sana. Akaurudisha nchi kavu, polepole.

Halafu akanguruma kwamba kama ni hivyo basi sheria ifuatwe kwa wote. Na huyu Chura je? Na hivi vidude vyenye mikia? Mbona vimo majini?

Wakamwita Korongo aje athibitishe. Korongo akaja kwa hatua zake za mita moja moja. Kanga akaja nyuma yake na kalamu. Nyati wakamwomba Afisa awataje wavamizi kwa majina ili waondolewe.

Korongo akainama juu ya maji machache. Chini yake, mia tatu, wanene, laini, wanacheza kichwa na mkia, kichwa na mkia. Koo likapanda na kushuka, gulu, gulu. Akamtazama Kanga. Kanga alikuwa amefungua ukurasa na kalamu iko juu, tayari.

"Sioni mtu," akasema Korongo. 

"Huoni?" Kiboko akafoka. "Huyo ameketi mbele yako."

"Eneo ni tupu. Nilikagua."

Kanga akaandika, kr, kr, kr. Kisha akapekua faili na kusoma, bila kuulizwa, kwamba katika kumbukumbu zote za ofisi yupo kiumbe mmoja tu mwenye anwani ya Bwawa la Kitopeni. Akamtaja. Nyati wakasogea hatua moja mbele.

Siku ya kwanza Kiboko alikaa juani. Ngozi ikakauka. Siku ya pili Kiboko alikaa juani. Ngozi ikapasuka. Siku ya tatu Kiboko alikaa juani, jasho jekundu likamtoka kama rojo la bamia lenye damu, na akapata kidimbwi cha kutosha mguu mmoja, akawa anaibadilisha miguu kwa zamu. Pundamilia alikuja, akanywa kwato zikiwa nchi kavu, akaondoka, maana anayekunywa si mkazi. Swala akanywa na kuondoka. Ndovu akanywa, akamwaga nusu, akaondoka. Kiboko aliwatazama wote.

Siku ya nne akaenda ofisini kufuta maombi yake.

Kanga akampa fomu. Akamweleza kwamba kufuta nako kunatangazwa, siku kumi na nne, na safari hii kibao kitapigiliwa kwenye mti na karani mwenyewe. Faili lingefungwa siku ya kumi na nne. Kabla ya hapo kibali na masharti yake vinaendelea.

"Nitakufa," Kiboko akasema.

Kanga akamuuliza kama ana pingamizi na kama ni mkazi wa hapo. Kiboko akatia saini fomu. Wakampatia tope la kujipaka kwa hisani ya ofisi, na siku zile kumi na nne akazipitisha chini ya mgunga, mweusi kwa tope, mwekundu kwa jasho, akimwamkia kila aliyepita.

Mnadhani Chura alifurahi? Chura hakulala. Aliijua hesabu ambayo wengine hawakuipiga. Siku faili litakapofungwa, ripoti ya Korongo itafungwa nalo. Haitamwajibisha mtu tena. Siku hiyo Korongo atakuwa huru kuona.

Asubuhi aliwapitia. Miguu imeota? Ya nyuma. Asubuhi nyingine. Ya mbele? Mmoja anayo. Asubuhi nyingine. Ya mbele? Nusu yao. Hivyo hivyo mpaka ikafika asubuhi ya siku yenyewe, ya ishirini tangu Chura asome kile kibao. Wote walikuwa na miguu minne isipokuwa mmoja, wa mwisho, aliyekuwa na mitatu.

Kule ofisini muhuri ukagonga. Pa. Faili limefungwa. Korongo hakungoja wino ukauke. Alikuja mbio, yeye ambaye hata siku ya ukaguzi hakufika, akaingia maji machache kwa hatua zisizo za mita, mdomo umefunguka kama mkasi wa fundi.

"Sasa nawaona," akasema. "Wakazi mia tatu na mama yao. Nitaandika upya."

"Rukeni," Chura akasema.

Wakaruka. Chubwi, chubwi, chubwi, kama mvua ya mawe, wote kuelekea upande wa kina. Mdomo wa Korongo ukashuka, ukanasa tope. Ukashuka tena, ukanasa majani. Yule wa miguu mitatu alijaribu, akaenda upande. Akajaribu tena, akaenda upande ule ule. Mdomo ukamlenga.

Na hapo ndipo alipofika Kiboko. Alikuwa amesikia muhuri kutoka chini ya mgunga, na siku kumi na nane za jua zilikuwa zinamsukuma kwa nyuma. Hakumwona Korongo, hakumwona Chura, aliona maji. Pwatapwatapwata, akajitupa na mwili wake wote. GUBU. Bwawa likainuka. Wimbi likambeba Korongo miguu juu mpaka kwenye miiba, na likamchukua yule mtoto wa miguu mitatu, likamtupa kwenye kina kirefu, katikati ya ndugu zake.

Chura akahesabu. Alihesabu mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini. Mia tatu.

Hadithi yangu imefika ukingoni, sina ujuzi wa kuivusha. Utamu wake gawaneni, uchungu niachieni mimi.

Ah, funzo? Mnataka funzo. Funzo ni kwamba tuwaheshimu maafisa wetu, hasa wanaokagua viwanja wakiwa kivulini. Korongo angefika Kitopeni siku ile, akatazama vizuri, akaandika ukweli mtupu, wale watoto angewamaliza wote kabla ya chakula cha mchana. Ripoti ya uongo ndiyo iliyowalea. Kwa hiyo mwenye kambare, apeleke ofisini.